Kukataa skana ya mwili eapoti, kuna aliyewahi?

Nuru_B: Wakuu habari zenu, mwezi ujao naenda Marekani na kurudi naunganisha ndege Uingereza, sasa nina mimba ya miezi mitano na ile mashine ya kusimama umenyanyua mikono juu siitaki kabisa, nikiikataa si wataninyima kupanda ndege? Aliyewahi kukataa mwenyewe aniambie ilikuwaje, za kusikia ninazo tayari.

tembeatembea: Mi Marekani nimekataa mara tatu. Unasema mapema kabla hujaingia humo ndani, kwamba skana hutaki, wakupekue kwa mikono. Hakuna aliyenigombeza ila kusubiri ndo shughuli, kuna siku niliwekwa pembeni muda mrefu begi na laptop vimeshatokea upande wa pili wa mkanda kila mtu anavipita, roho juu juu, kwahiyo mwambie afisa unataka kuviona vitu vyako. Atakupekua mwanamke mwenzio, anakueleza kwanza atagusa wapi, sehemu nyeti anatumia mgongo wa mkono, na ukitaka chumba cha faragha unaomba. Mwisho glavu zake zinapimwa kama zina mabaki ya milipuko. Raha haina, nisikudanganye.

Kipanga: Dada ya mionzi watu wanachanganya. Za eksirei zilikuwepo kweli, Marekani wakaziondoa 2013, na wala sio kwa ajili ya afya, zilikuwa zinamwonyesha mtu kama yuko uchi na watengenezaji wakashindwa kuleta programu ya kuficha maumbile. Umoja wa Ulaya tangu 2011 waliruhusu zile zisizotumia eksirei tu. Za sasa hivi ni mawimbi ya redio, afisa anaona kikatuni tu kina alama pale penye wasiwasi. Mi napita zangu. Kukataa unaruhusiwa, ila tangu Desemba 2015 Marekani wanaweza kumlazimisha abiria mmoja mmoja.

Nuru_B: Sawa kaka, moyo tu hautaki. Na Uingereza je?

mzee wa transiti: Uingereza zamani ukichaguliwa ukakataa, husafiri, basi. 2010 pale Manchester wanawake wawili waliikosa ndege ya Pakistan hivyo hivyo. Wakalegeza 2013, sasa unaweza kuchagua upekuzi wa faragha, ila mwanangu jiandae, huo unachukua muda na unaweza kuambiwa ulegeze nguo au uvue kabisa, sio kama wa Marekani. Kama muda wa kuunganisha ndege ni mfupi ufikirie vizuri.

Kipanga: Halafu hata ukipita, jasho au nywele za kusuka zinaweza kuiliza mashine ukapapaswa vilevile, mke wangu kila safari ni kichwa kinabonyezwabonyezwa.

Nuru_B: Eh na mi nimesuka! Basi Marekani nakatalia mlangoni, Uingereza nitaona kwanza foleni ikoje.