Nalipia mwanangu chuo Marekani, chuo kimenikatalia matokeo yake. Nifanyeje?

Mzee wa Kibirizi (mleta mada)

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri wa kiutu uzima, wa mizaha mnipitie mbali.

Kijana wangu wa kwanza yuko Marekani, mwaka wa pili, anasoma uhandisi kwenye chuo kidogo tu. Chuo kimemsamehe sehemu kubwa ya ada. Iliyobaki, pamoja na chakula na chumba, ni juu yangu. Mimi ni mtu wa dagaa na mawese, nanunua hapa Kibirizi, Kigoma, nasafirisha kwenda Tabora na Shinyanga, kwa hiyo dola ikipanda naisikia mfukoni siku hiyo hiyo. Kiwanja changu cha Gungu kimeshaenda.

Mwaka wa kwanza kijana alikuwa ananitumia matokeo bila kuombwa. Anapiga skrinishoti, ananirushia WhatsApp. Tangu muhula uliopita kimya. Nikimuuliza ananijibu "yako vizuri baba, usiwe na wasiwasi", halafu anauliza migebuka siku hizi bei gani. Mwanangu namjua. Akianza kuulizia bei ya samaki, kuna jambo.

Nikaenda steshenari moja pale Mwanga, binti anayejua Kiingereza vizuri akaniandikia barua pepe kwa msajili wa chuo. Niliambatanisha kila kitu: pasipoti yangu, cheti cha kuzaliwa cha kijana, risiti zote za benki. Majibu yamekuja na adabu tele, wananishukuru kwa kuwaandikia, wananitakia siku njema. Ndani yake hamna kitu. Eti kuna sheria inaitwa FERPA, hawawezi kuzungumza na mimi habari za masomo ya mwanafunzi mpaka yeye mwenyewe aridhie kwa maandishi.

Jamani! Hapa kwetu matokeo ya NECTA yakitoka, hata fundi baiskeli wa mtaani anakwambia mwanao kapata divisheni gani kabla hujawasha data. Leo mimi niliyemzaa na ninayelipa ndiyo nanyimwa?

Naomba kujua kama sheria hiyo ipo kweli au wananifukuza kistaarabu. Na ubalozi wa Marekani Dar unaweza kuwabana? Halafu nikisitisha hela mpaka nione matokeo, nakosea wapi? Natanguliza shukrani.

Kamanda wa Mawese

Mkuu funga bomba la hela. Matokeo yatakuja yenyewe, tena mbio.

Binti Unyanyembe

Shikamoo mzee. Niko Tabora sasa, lakini shahada ya kwanza niliisoma huko huko, na nilikuwa nafanya kibarua cha wanafunzi kwenye ofisi ya msajili. Kabla sijaonyeshwa hata kiti cha kukalia nilikalishwa kusomeshwa hiyo FERPA, nikasaini kwamba nimeelewa. Kwa hiyo ipo, tena wanaiogopa kweli.

Ni sheria ya serikali kuu ya Marekani, ya mwaka 1974, inahusu shule na vyuo vyote vinavyopokea fedha za Wizara ya Elimu ya huko. Mtoto akiwa shule ya msingi au sekondari, haki ya kuona kumbukumbu zake ni ya mzazi. Akifikisha miaka 18, au akiingia chuo hata kama ana 17, haki hiyo inahama kwa mzazi inakwenda kwake mwenyewe. Sheria haiulizi nani analipa. Ungekuwa baba wa pale pale mjini, nyumba yako inatazamana na geti la chuo, jibu lingekuwa lile lile.

Kuna mlango mmoja waliowaachia wazazi. Mwanafunzi akiwa ni tegemezi wa mzazi kwenye hesabu za kodi za Marekani, chuo kinaweza kumpa mzazi taarifa bila kumuuliza mtoto. Kinaweza, hakilazimiki. Na wewe mzee kodi yako unalipa TRA, haiingii kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo mlango huo kwako umefungwa.

Wa pili ni dharura ya afya au usalama. Kijana akilazwa au maisha yake yakiwa hatarini, chuo kinaruhusiwa kukupigia. Kwa hiyo hakikisha namba yako ya sasa ndiyo iko kwenye fomu yake ya mtu wa kupigiwa wakati wa dharura, maana wengi huacha ile laini ya zamani iliyokwisha kufungwa.

Ubalozi usahau. Hauna mamlaka ya kuagiza chuo kitoe matokeo ya mtu.

Kilichobaki ni kijana mwenyewe. Vyuo vingi vina fomu ya ridhaa, mara nyingi iko kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Anaijaza, anaisaini na kuweka tarehe, anaeleza ni taarifa zipi, apewe nani, kwa sababu gani. Akishaiwasilisha, ofisi iliyokujibu kwa adabu itazungumza na wewe.

Mzee wa Kibirizi

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, ijapokuwa imeniuma. Sasa hata kujua kama bado ni mwanafunzi wao, nayo siri? Maana isije ikawa natuma hela ya chuo kumbe mtu yuko kwenye vibarua vya kuosha magari.

Binti Unyanyembe

Hiyo unaweza kuipata mzee. Sheria inakiruhusu chuo kutoa taarifa zile ambazo chenyewe kimezitangaza kuwa za kawaida: jina, fani, tarehe za kusoma, shahada na tuzo alizopata. Vyuo vingi vinaweka humo na kama mtu amesajiliwa muhula huu. Isipokuwa mwanafunzi awe ameandika kwamba zake zisitolewe. Waandikie tena swali moja tu: fulani amesajiliwa kwenu muhula huu? Usiweke risiti, usieleze habari ya kiwanja.

Na hapa kuna kitu cha kukutuliza kidogo. Kijana yuko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, sivyo? Mwenye viza hiyo wa shahada ya kwanza anatakiwa asome mzigo kamili, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula, na darasa la mtandaoni linalohesabiwa humo ni moja tu. Akishuka bila kibali cha afisa wa wanafunzi wa kigeni, chuo kinaripoti serikalini na hadhi yake ya uhamiaji inaharibika. Akiwa amesajiliwa ipasavyo, huko kwenye kuosha magari hayupo.

Kamanda wa Mawese

Kwa hiyo serikali yao inaambiwa, baba mzazi haambiwi. Safi sana demokrasia.

Binti Unyanyembe

Ndivyo ilivyo kaka, sijaitunga mimi. Kwa viza hizo vyuo vinabanwa kisheria kuripoti, na mwanafunzi analijua hilo tangu anaomba.

Fundi Simu Lumumba

Mzee mbona mnazunguka? Mwambie akupe paswedi yake uingie mwenyewe. Akikataa, tafuta kijana mwenye sauti kama yake apige simu chuoni ajifanye yeye. Nina mpwa wangu Kiingereza chake cha puani kabisa.

Binti Unyanyembe

Mzee usithubutu. Kumpa mtu mwingine paswedi ni kosa la kinidhamu kwenye vyuo vingi vya huko, na atakayeitwa kujieleza ni mwanao, siyo wewe. Hiyo ya kupiga simu ndiyo mbaya zaidi. Ofisi hizo zimezoea watu wa namna hiyo, wanauliza maswali ambayo mpwa wako hatayajibu kwa Kiingereza cha aina yoyote.

Mwalimu wa Ipuli

Nimesoma uzi wote, naona watu wanazungumza kama vile faragha ni ugonjwa wa Wazungu. Mimi nafundisha chuo kimoja hapa Tabora. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Haki ya faragha yenyewe iko kwenye Katiba, ibara ya 16. Mtu wa miaka 18 siyo mtoto tena kisheria, na taarifa zake ni zake.

Tofauti ni kwamba Marekani wana sheria ya kumbukumbu za elimu peke yake. Ya kwetu ni ya taarifa zote, iwe hospitali, benki, kampuni ya simu au chuo. Na huko, mwanafunzi akivunjiwa haki hawezi kukishtaki chuo mahakamani kwa sheria hiyo. Mahakama yao ya Juu ilishasema hivyo mwaka 2002. Analalamika Wizara ya Elimu. Hapa malalamiko yanapelekwa kwenye Tume.

Ila tuseme ukweli, mazoea yetu bado. Kuna vyuo hadi leo vinabandika ukutani majina, alama, na pembeni deni la ada la kila mmoja, muuza maandazi anapita anasoma. Mzazi akipiga simu anasomewa matokeo bila kuulizwa hata jina lake nani. Siku moja alipiga "baba" wa binti mmoja, kumbe ni mchumba aliyeachwa. Tangu hapo kwenye idara yetu hatusomi kitu kwenye simu. Mzazi anakuja na mwanawe, au analeta barua ya mwanawe. Wazee wananuna, tunawakaribisha chai.

Dogo wa Kasulu

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, niseme la upande wetu. Mzee wangu, yale matokeo ya mwaka wa kwanza aliyokuwa anakurushia, ulimwonyesha nani?

Mzee wa Kibirizi

Nilirusha kundi la ukoo, na la wafanyabiashara wa mwaloni. Watu walifurahi sana, wengine wakamtaja kwenye maombi. Mzazi afurahie wapi sasa?

Dogo wa Kasulu

Basi mzee jibu unalo. Amepata C mahali, anajua ikikufikia kabla ya jioni iko mwaloni nzima, na shangazi wa Uvinza atapiga kuuliza kama ni bangi. Bora aulizie migebuka.

Mama Kijiwe Ujiji

Huyu mtoto kasema. Baba, usimtishe kwa hela. Ukikata katikati ya muhula, chuo kitamfungia usajili wa muhula unaofuata, na viza yake hiyo ya mzigo kamili itakuwaje? Utakuwa umejikomoa mwenyewe. Mpigie usiku wetu, kwao bado mchana, msiandikiane. Zungumza na mtu mzima. Mwambie hutaki kurusha popote. Kisha usirushe kweli.

Kamanda wa Mawese

Mama, mimi bado nasema mwenye hela ndiye mwenye mali. Ila hapo kwenye viza nanyamaza.

Mzee wa Kibirizi

Narudi na mrejesho wakuu. Chuo kimejibu lile swali moja: amesajiliwa muhula huu, mwanafunzi wa mzigo kamili. Presha ikashuka.

Kijana tumezungumza kwa sauti, muda mrefu. Hesabu moja imemwangusha, anairudia. Nyingine aliiacha katikati kwa kibali cha huyo afisa wa wageni. Nilitaka kufoka, mama yake alikuwa amekaa pembeni ananikanyaga mguu.

Amekubali kujaza fomu, lakini ameigawa: mambo ya ada na madeni chuo kinizungumzie moja kwa moja, na hali ya usajili pia. Alama hapana. Alama atanisomea mwenyewe kwenye simu kila mwisho wa muhula. Sijaridhika sana, lakini ndipo tulipofikia. Binti wa Tabora, naruhusiwa kukubali fomu nusu hivi? Na ikishasainiwa inadumu mpaka lini?

Binti Unyanyembe

Inaruhusiwa kabisa mzee, fomu nyingi zina visanduku tofauti kwa ada, alama na nidhamu, anatia vema kwenye anavyotaka. Muda unategemea chuo. Kuna vinavyotaka ijazwe upya kila mwaka, kuna vinavyoiacha mpaka mwanafunzi aifute kwa maandishi, na anaweza kuifuta wakati wowote. Mwulize iko ya namna gani kwao. Pia mwombe akufungulie njia ya mlipaji kama mfumo wao unayo, unapata paswedi yako wewe mwenyewe, unaona ankara na kulipa chuo bila hela kupitia kwake.

Mzee wa Kibirizi

Hiyo ya mlipaji nimeipenda kuliko zote. Jumatatu naenda tena kwa binti wa steshenari. Na wewe Fundi Simu, mpwa wako mwache apumzike.