Gemu halijaisha, nitajuaje kama limefikia kupewa watu?

kirikuu_dev
Wakuu habari za jioni. Nipo Uyole, Mbeya, natengeneza gemu la simu kwa Godot (programu ya kutengenezea magemu), unaendesha kirikuu, unapakia viazi Uporoto unashusha Mwanjelwa, ukikata kona kwa spidi magunia yanadondoka, ukichelewa sokoni bei inashuka. Kupakia, kuendesha na kulipwa vipo, ila mvua na ukungu bado, sauti nyingi bado, duka la spea bado kabisa. Jamaa wengine wananiambia achia tu watu wacheze, wengine wanasema ukitoa kitu nusu unajiharibia jina. Nyie mnapimaje? Kila nikisema sasa naachia nakuta kingine cha kurekebisha.

dada_wa_iringa
Mdogo wangu usihesabu vilivyobaki, havitaisha. Mpe simu mtu ambaye hajawahi kuliona hilo gemu, halafu kaa kimya kabisa, usimuelekeze chochote, angalia vidole vyake tu. Anajua abonyeze wapi? Gunia likidondoka anaelewa ni ile kona aliyoikata vibaya, au anaona gemu limemuonea? Akishapata hela ya safari ya kwanza anaondoka tena kwenda kupakia bila kuambiwa? Kama anaondoka mwenyewe achia, ukungu utakuja baadaye. Ila akikurudishia simu akasema "zuri sana" bado hujafika, huku kwetu watu wana heshima, hawakwambii baya usoni.

mwana_wa_tukuyu
Naongezea mkuu. Ukungu ukikosekana watu watavumilia, ila hela alizozitafuta mtu zikifutika harudi tena. Testi hivi: yupo katikati ya safari, mpigie simu, aongee kidogo, arudi kwenye gemu. Kwenye simu ya RAM ya giga 2 Android mara nyingi inakuwa imeshaliua gemu, kwa hiyo sevu kila mzigo unaposhushwa na pia pale gemu linapoenda nyuma, yaani mtu akifungua kitu kingine. Na faili la sevu liandikie namba ya toleo kuanzia sasa, la sivyo apdeti yako ya duka la spea itakuja kuharibu sevu za watu wote wa mwanzo.

afande_pikseli
Mimi natofautiana kidogo, kuachia bure na kuuza sio kitu kimoja. Bure weka itch.io, ile tovuti ya kuwekea magemu, hata leo, uandike wazi nini hakipo. Kuuza ndio kuna masharti, mtu anunue kwa kilichopo leo sio kwa ahadi zako. Gemu la Hades lilianza kuuzwa Desemba 2018 halijaisha, likakamilika Septemba 2020, lakini ukiingia mapambano yenyewe yalikuwa yanachezeka tangu mwanzo. Halafu jua kitu kimoja, akaunti mpya ya mtu binafsi Google Play inakudai watu 12 wateste siku 14 mfululizo ndio uombe kulifungulia watu wote, kwa hiyo hao watesta utawahitaji tu.

kirikuu_dev
Asanteni sana, dada shikamoo. Nimempa dogo mmoja wa bajaji hapa stendi, kaendesha fresh ila batani ya kufunga kamba za mzigo hajaiona kabisa, magunia yamemwagika yote na akaanza upya mwenyewe bila kuniuliza. Batani naikuza naisogeza chini ya kidole gumba, sevu naishughulikia usiku huu. Mwenye Tecno au itel ya giga 2 anayetaka kuwa kwenye wale 12 anicheki PM.