Foklifti ya betri au ya dizeli kwa ghala la mchele? Naombeni ushauri

Wakuu, habari za kazi. Nina ghala la mchele na unga Vingunguti, Dar. Foklifti yetu ya dizeli, ya tani 2.5, imechoka, injini inakula oili. Vijana wanapanga mifuko humo ndani tangu asubuhi, na jioni wakipenga kamasi leso inatoka nyeusi. Juzi mteja karudisha mzigo, anasema mchele unanuka moshi. Nataka ya betri, ila bei imenishtua, umeme huku unakatika, na malori tunayapakia uani kwenye changarawe. Natanguliza shukrani.

Mpanga Shehena: Mkuu, kwa chakula ndani ya ghala chukua ya betri. Taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ilithibitisha mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani. Hao vijana wanauvuta kutwa.

Fundi Betri: Ni kweli, lakini jua unachonunua. Betri ya asidi ni kazi saa 8, chaji saa 8, kupoa saa 8. Kwa zamu moja inakutosha. Usiiache ishuke chini ya asilimia 20. Maji safi ya betri unaongeza baada ya chaji. Ukijaza kabla, asidi inafura na kumwagika. Nimeona sakafu ya zege imeliwa hivyo. Pa kuchajia pawe na hewa, maana gesi yake inalipuka. Ya lithiamu unaichomeka hata wakati wa chakula, bei tu ndiyo kubwa.

Mama Godauni: Mimi hofu yangu ni huo uani. Yetu ya betri ina matairi madogo magumu na tumbo la chini. Ilizama kwenye changarawe ikiwa na sukari juu ya uma, tukapakua mfuko mmoja mmoja huku mvua inanyesha. Mwaga zege kwanza.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Zamu ni moja, na mlangoni hadi lori ni mita 14, zege naliweza. Hii ya zamani niiuze?

Fundi Betri: Ibakize ya uani, isivuke mlango. Chaja uliza kama inataka umeme wa fezi tatu, na kama umeme ukikatika usiku inajiwasha yenyewe ukirudi. Ukipata foklifti ya mtumba, usilipe kabla hujaibebesha mzigo saa nzima ukiangalia mshale wa betri.