Mrejesho: Udongo wa timbo la mawe, Malindi

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini miche yangu ya mipapai inageuka manjano kwenye kiwanja cha marehemu baba, timbo la zamani la mawe ya matumbawe hapa Malindi.

Aliyeniambia nijaribu siki, Mungu akuzidishie. Nilimwaga kidogo juu ya lile vumbi jeupe, likatoa povu mpaka nikalisikia likichacharika. Chokaa tupu! Kumbe ndiyo inayoyafunga madini ya chuma, mizizi ikashindwa kuyafyonza. Ndiyo maana jani huwa manjano na mishipa yake ikabaki kijani.

Kisha nikatia udongo kwenye chupa ya maji, nikatikisa. Mchanga ulitua papo hapo. Udongo wa mfinyanzi niliuona kesho yake, utando mwembamba tu juu. Ndiyo sababu maji hayakai, hata nimwagilie vipi.

Mlionishauri mbolea ya dukani, niwieni radhi, sikuifuata. Nimeshika mfano wa timbo la kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa: kuanzia 1971 timbo lile lilipandwa mivinje kwanza, na majongoo wakayasaga majani yaliyodondoka hadi yakawa udongo. Mimi nimeanza na mivinje 40. Mipapai nimeichimbia mashimo mapana, nikajaza udongo mwekundu kutoka Magarini (huo siki haikuutoa povu hata chembe) pamoja na samadi ya mbuzi. Jana mmoja umetoa jani jipya, kijani kibichi hadi ukingoni.