Kikundi cha modeli (vifaru, roboti na watu wadogo wa kuunganisha na kupaka rangi) kila mtu na ladha yake, tutakaaje meza moja bila kuvunjana moyo?

Rangi_Ntinda

Habari zenu wandugu. Naomba mawazo maana mimi ndo huwa nafungua chumba na kupanga meza pale Ntinda tunapokutana Jumamosi kupaka rangi, na naona kitu kinaanza kuharibika polepole.

Tulipoanza tulikuwa wachache na wote watu wa jeshi, yaani vita vya dunia, skeli ya 1/35 (kitu halisi kikipunguzwa mara 35), vifaru na askari, ukikaa pale unasikia tu watu wanabishana koti la Mjerumani lilikuwa na vifungo vingapi. Sasa kikundi kimekua, tuna vijana wa Gundam (roboti za katuni za Kijapani), tuna wa Warhammer (mchezo wa vita wa mezani), kuna dada anachora vichwa vikubwa vya rezini, kuna jamaa anajiprintia wasichana wa anime nyumbani kwake, na kuna mzee mmoja anatengeneza wauza rolex (chapati ya mayai) na watu wa boda kwa waya na udongo, seti ya dukani hajawahi kununua hata moja na kazi zake mimi nazipenda kuliko zote, mniwie radhi.

Sasa juzi kijana mmoja, mwanafunzi, kaleta Space Marine wake (askari wa deraya wa Warhammer), badala ya ile bluu tuliyoizoea kamchorea mabega yote maua ya kitenge, chungwa juu ya zambarau, na katikati ya kila ua kuna vidoti vyeupe vidogo mpaka unashindwa kujua brashi gani iliingia pale. Mmoja wetu wa siku nyingi akamchukua, akamgeuza geuza, akauliza huyu ni wa kikosi gani? Kijana akasema ni wangu tu nimejitungia. Jamaa akacheka, "aah, basi ni mdoli", akamrudisha mezani. Hakuna aliyetukana hapo, lakini kijana alifunga boksi lake mapema akaondoka na kwenye grupu la WhatsApp kanyamaza mpaka leo. Na msidhani ni wazee tu, hao wa Gundam nao wanawaita wenzao "wahesabu misumari", yaani watu wa kukagua kila kitu kidogo kama kilivyokuwa kwenye historia, na wakiona kifaru wanapiga miayo makusudi.

Halafu Desemba tunataka kufanya kashindano kadogo. Roboti, kichwa cha rezini na boda ya waya nitazihukumu vipi pamoja? Wengine wanasema tugawane tu, kila ladha na siku yake. Mi sitaki, lakini jibu sina.

AskariWa1_35

Ssebo (bwana), mimi ni mhesabu misumari na sioni haya. Siye mimi niliyecheka siku hiyo, sikuwepo, lakini ninamwelewa aliyecheka na pia naona kakosea, ngoja nieleze.

Mi nachora King's African Rifles (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), hasa 4 KAR, yaani bataliani ya nne, hao wa kwetu Uganda. Mtu akiniwekea askari mezani akasema huyu ni wa 4 KAR, Burma, 1944, halafu kampaka kaki ya jangwani toka kofia mpaka soksi, nitamwambia. Kwa nini? Kwa sababu yeye mwenyewe kanipa mwaka na mahali. Wale walikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walishuka bonde la Kabaw mvua ikiwapiga, wamevaa kijani cha msituni na kofia ile pana, na babu za watu humu humu walikuwemo. Kumpaka huyo mtu rangi ya kubahatisha mimi inaniuma, naona kama tunamsahau mara ya pili.

Lakini Space Marine! Warhammer 40,000 ilitoka 1987, hadithi yake ni ya miaka elfu thelathini na nane mbele yetu, na waliouza mchezo wenyewe toka zamani wanawaambia watu jitungieni vikosi vyenu. Sasa kitenge unakipinga kwa ushahidi gani, umepata picha kwenye maktaba? Kijana hakudai chochote cha historia. Ukimpima kwa rula yangu umemwonea, na ukinipima mimi kwa rula yake, yaani nani ana rangi za kuchangamka, na mimi umenionea pia maana nguo za jeshi zimetengenezwa zisionekane.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo muulize mwenye kazi alikuwa anataka kufanya nini. Basi.

RobotiWaKisaasi

Mzee hapo nakupigia saluti, sikutegemea 😂

Ila naomba niwachokoze kidogo wakubwa wa 1/35, maana hiyo namba mnaitaja kama imeshuka kutoka mbinguni. Mnajua ilitoka wapi? Tamiya, kampuni ya modeli ya Kijapani, mwanzoni mwa miaka ya 60 walikuwa wanatengeneza kifaru cha Panther cha kutembea chenyewe, wakakikuza mpaka mota na betri zikaenea ndani, walipokuja kupima wakakuta ni kama 1/35. Ni BETRI wandugu. Sasa mtu wa skeli iliyochaguliwa na betri ananiambia Gundam wangu ni mchezo wa watoto.

Na kingine. Gunpla (modeli ya plastiki ya Gundam) ya kwanza ya Bandai wa Japani ilitoka Julai 1980, 1/144, bei yen 300, yaani hela ya mtoto wa shule. Ndo maana iko na watu wengi hivi. Siku hizi unaipata plastiki tayari ina rangi na vipande vinabana bila gundi, kwa hiyo mtu ambaye hana kompresa ya kupulizia rangi, hana rangi, anaishi chumba kimoja na wadogo zake watatu, bado anaweza kuwa mwanamodeli. Mkimwambia hiyo si kazi kwa sababu hajapaka rangi mnamfungia mlango ambao Wajapani walimwachia wazi. Mi mwenyewe nilianza na koleo la kucha la dada yangu.

Hilo la kupiga miayo nimelisikia, nitaongea na vijana. Wengine ni kuiga tu, wakiitwa wadoli nao wanatafuta la kurudishia.

nyabo_brashi

Mimi ndo huyo dada wa vichwa vya rezini, haha. Nimecheka na hiyo ya betri.

Nataka kuongeza kitu ambacho wanaume wa pale hamkioni. Mkisema "kila ladha inakaribishwa" ni maneno matamu, lakini angalieni vitu vyenyewe vya kazi. Chupa ya rangi ya ngozi inayokuja kwenye seti ni pinki ya Mzungu. Video zote za kujifunza ni ngozi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu mpya akitaka kuchora uso wa mtu wa kwao anaanza na kahawia, anatia kivuli kwa nyeusi, anaangaza kwa nyeupe, na uso unatoka kama wa mtu aliyepakwa majivu, halafu anadhani hana kipaji. Kipaji anacho, kakosa tu wa kumwelekeza.

Mi nafanya hivi. Msingi ni kahawia iliyoungua na tone la damu ya mzee. Kivuli naongeza zambarau au bluu nzito, nyeusi siigusi. Nikipanda kwenye mwanga naenda kwenye chungwa chungwa kwanza, halafu njano ya udongo, nyeupe naiweka mbali kabisa na meza. Mwisho kabisa, kwenye paji la uso, ncha ya pua na juu ya shavu, natia nukta ndogo ya bluu hafifu iliyochanganywa na hiyo ya mwanga, maana ngozi nyeusi inang'aa na inaakisi anga, mwangalie mtu wa boda saa saba mchana utaona. Viganja mnavisahau, ni vyepesi zaidi. Na vanishi iwe ya kung'aa nusu, ile ya kufifisha kabisa inaiua ngozi.

Siku niliyoonyesha hilo pale mezani alikuja mzee wa KAR (ndo wewe AskariWa1_35, sivyo?) na alikuja kijana wa Warhammer, wakakaa benchi moja wakichanganya rangi kwenye kifuniko cha mkebe. Hakuna aliyeuliza mwenzake ana ladha gani. Kwa hiyo Rangi_Ntinda ushauri wangu ni huo, wape watu kitu cha kufanya pamoja. Kugawanya siku msithubutu, mtabaki na vikundi vitatu vya watu wanne wanne na kodi ya chumba itawashinda.

Kifaru_Jinja

Nitakuwa mpinzani hapa kwa hisani yenu. Haya yote ni sawa lakini naogopa tunaelekea mahali ambapo kila kazi ni "nzuri sana kaka" na moyo mwekundu. Mimi nilijifunza kwa watu walioniambia ukweli. Rangi yako nzito, imefunika maelezo yote. Mstari wa ukungu (ule wa pale nusu mbili za kalibu zilipokutana) unaonekana pale mguuni. Gundi imevuja. Kama tunaogopa kusema hivyo kwa sababu "ni ladha yake" basi hakuna atakayekua, tutakuwa tunakunywa chai tu. Kutopiga msasa mstari wa ukungu si ladha bwana.

nyabo_brashi

@Kifaru_Jinja nakubaliana nawe kwa asilimia kubwa, na huo mfano wako umenisaidia. Mstari wa ukungu kwenye bega la yule Space Marine ulikuwepo kweli, niliuona, unakata ua la kitenge katikati. Hilo angeambiwa angeshukuru, angeenda nyumbani akakwangua na wembe. Alichoambiwa ni mdoli. Hebu niambie hapo kajifunza nini?

Na si kila mtu anataka kusahihishwa siku hiyo hiyo. Wengine wametoka kazini wamechoka wanataka kuonyesha tu. Kuuliza "nikwambie ninachokiona?" inachukua sekunde mbili.

Arua_Diorama

Kuhusu shindano, dawa ipo na si mpya. Kuna njia mbili duniani. Moja ni ya kwanza, ya pili, ya tatu, IPMS Marekani (chama cha wanamodeli) wameitumia miaka mingi, unapanga kazi kwa makundi na mmoja anamshinda mwenzake. Kwa kundi dogo kama letu itawaua, utakuta roboti moja haina mpinzani inachukua ya kwanza bure na vichwa vitano vya rezini vinagombana.

Nyingine ni ile ya wazi kama ya MMSI, chama cha wachora askari wadogo kule Chicago. Hapo kazi yako haishindanishwi na ya jirani. Kila moja inapimwa kwa kiwango, ikifika kiwango cha dhahabu inapewa dhahabu, hata kama dhahabu zitakuwa saba siku hiyo au hakuna hata moja. Hapo boda ya waya na Gundam zinaweza kukaa meza moja na kila moja ikaondoka na haki yake.

Ila waamuzi wachague vizuri, na hapa ndo penye kazi. Chukua mfano wa upanga. Kuna mtu anapaka rangi ya chuma yenyewe, inang'aa kweli, ukisogea na mwanga unasogea. Mwingine anachora mng'ao kwa kijivu na nyeupe na bluu za kawaida, bila chembe ya rangi ya chuma, kwenye picha inakata macho lakini ukiizungusha mkononi mwanga unabaki pale pale ulipochorwa. Watu wamegombana miaka kwa hilo. Mwamuzi anayependa moja ataiua nyingine bila kujua. Kwa hiyo weka watatu wa ladha tofauti, mmoja wa historia, mmoja wa michezo, mmoja wa rezini, na wakitofautiana waongee mbele ya kazi yenyewe, wasipige kura kimya kimya. Na kila mshiriki aandike mstari mmoja kwenye kadi, alikusudia nini. Huyo wa kitenge angeandika "kikosi changu, nguo za shangazi yangu" na mjadala ungeishia hapo.

Hizo rangi za kumimina pia, zile zinazojitafutia mabonde zenyewe, Citadel, wenye rangi za Warhammer, walizileta 2019, nazo kuna watu wanaziita wizi. Acheni hizo. Mtu ana vikaragosi sitini vya kuchezea Jumapili, mnataka afe na brashi mkononi?

AskariWa1_35

@nyabo_brashi ndiyo mimi. Ile bluu kwenye paji la uso mpaka leo sijaiweza, naomba Jumamosi tena.

Kadi naziunga mkono. Na mimi nitaandika yangu, ila mstari mmoja hautanitosha.

Rangi_Ntinda

Asanteni jamani. Basi kugawanyika hakuna. Tutaenda na hiyo ya wazi, dhahabu, fedha, shaba, waamuzi watatu na kadi. Arua_Diorama ukiwa na njia ya kushuka Kampala Desemba uwe mmoja wao, usafiri tutachangishana. nyabo_brashi Jumamosi ijayo chukua meza ya dirishani kwa hiyo ya ngozi, nitatangaza kwenye grupu. Kijana wa kitenge nimempigia leo mchana, si kumwandikia, nimempigia, nikamwambia kuna mtu anataka kumwonyesha jinsi ya kutoa mstari wa ukungu bila kuharibu ua. Kanyamaza kidogo halafu akauliza alete na wengine, kumbe ana kikosi kizima.

Swali la mwisho, praima ya gari ya kopo, ile ya kijivu ya soko la Kisekka, kuna mtu kaijaribu kwenye plastiki laini ya vikaragosi vya mchezo? Mi naitumia kwenye rezini tu, haijawahi kunisumbua.

RobotiWaKisaasi

Inategemea kopo. Nyingine ina thina kali inatafuna plastiki unaona inakuwa kama imepata upele. Jaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyobaki, pulizia mbali kidogo, tabaka nyembamba, subiri ikauke ndo uongeze. Na usipulizie mvua ikinyesha, unyevu unaigeuza kuwa unga.

udongo_gulu

Mimi ndo mzee wa boda za waya. Sikujua kama kuna shindano. Abiria watatu kwenye boda moja inahesabika kazi moja au nne?