Naomba ushauri: klabu ya bustani ya mboga shule ya msingi, pwani ya Lindi

Mwalimu_wa_Zamu
Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha shule ya msingi huku pwani ya Lindi. Nimekabidhiwa klabu ya bustani ya mboga na wiki ijayo nataka tuanze. Wanafunzi ni 45, darasa la nne hadi la saba. Eneo ni mita 20 kwa 25, kichanga, jua kutwa. Kisima kipo hatua 30 tu na hakikauki hata Oktoba. Nimepanga matuta 40 ya mita 1 kwa mita 5. Tupande nini, na samadi kiasi gani? Wazazi wameshachanga 2,000 kila mmoja, usingizi sipati. Naomba kuwasilisha.

Kapu_la_Samadi
Kwa kichanga weka debe moja la lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, yaani madebe 5 kwa tuta. Iwe imeoza: ukiishika haina joto, hainuki mkojo na huoni tena nyasi ndani yake. Ichanganye na udongo kina cha jembe, mwagilia, kaa wiki mbili ndipo upande. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inakuja na magugu.

Mama_Gengeni
Mwalimu, ua kwanza. Kuku wawili wanamaliza tuta la mchicha asubuhi moja. Fito ziwe karibu karibu, makuti yafumwe chini mpaka usawa wa magoti, na mlango ufungwe kwa kamba watoto wanayoweza kuifungua. Mbuzi anapita pale penye mlango mbovu, hahangaiki na ua.

Mti_Mkavu
Madebe 5 kwa matuta 40 ni madebe 200, mwalimu umeyaona hayo? Halafu Juni hadi Oktoba huku hakuna mvua. Tuta la mita 5 za mraba linataka lita 30 kwa siku. Matuta 40 ni lita 1,200, ndoo kubwa 60 kila siku. Anza na 10: ndoo 15, watoto 30 kila mmoja anabeba nusu ndoo mara moja, kazi imeisha.
Swali langu: hicho kisima kisichokauka karibu na bahari, maji yake yana ladha gani?

Mwalimu_wa_Zamu
Asante wote. Maji ni mengi sana mkuu, hayana tatizo. Tunadekia madarasa na kusafishia vyoo.

Mti_Mkavu
Mwalimu, hujajibu. Mnayanywa? Yanapikiwa uji wa watoto?

Mwalimu_wa_Zamu
Ya kunywa na ya uji tunanunua kwa ndoo. Ya kisima yana chumvi kidogo.
Lakini mbegu nimeshanunua: kabichi, karoti na vitunguu. Kabichi ziko kitaluni siku ya 12 na zimeota vizuri. Huku kabichi inatoka mbali, gengeni inagombewa. Sioni kwa nini niache.

Binti_wa_Mikindani
Kabichi haina kosa kwa pwani. Juni hadi Agosti ndiyo baridi yetu, wakati wake hasa. Kitaluni unamwagilia maji gani?

Mwalimu_wa_Zamu
Ya kununua.

Binti_wa_Mikindani
Basi ndiyo maana zimeota vizuri. Bado hazijaonja kisima.

Jembe_Halimtupi
Uzi mzima ungeanzia kwenye chumvi. Nieleze kwa mpangilio, maana hapa ndipo bustani nyingi za pwani zinapofia na watu wakasingizia mbegu.

Chumvi inazuia mizizi isinywe, hata udongo ukiwa umelowa. Utaona kingo za majani zinaungua na kuwa kahawia, mmea unadumaa, na juu ya udongo unakauka ukoko mweupe. Katika ulizonunua, karoti na vitunguu ni miongoni mwa mboga zisizovumilia chumvi kabisa, sawa na maharage. Kabichi ina afadhali kidogo. Nyanya inaizidi kabichi. Spinachi, ile ya bua nene jeupe, ndiyo mvumilivu wenu, na mchicha unaifuata.

Pima kabla ya kubishana. Omba watu wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wa wilaya yenu wapime chumvi kwa kipimo cha umeme, kinasoma kwa maikrosimensi kwa sentimita. Chini ya 700 panda utakacho. Kati ya 700 na 3,000 chagua zao. Juu ya 3,000 mboga za kawaida zitakutesa. Huku ukisubiri, jaza mchanga kwenye makopo mawili yaliyotobolewa chini, maharage 10 kila kopo, moja maji ya kununua, la pili maji ya kisima. Baada ya siku 10 watoto wahesabu yaliyoota na wapime urefu. Hilo lenyewe ni somo la sayansi.

Matuta usiyainue. Kwenye tuta lililoinuka maji yanapanda na kukauka juu, chumvi inabaki kileleni pale pale penye mmea. Chimba tuta lizame sentimita 15, chini pawe sawa kabisa, ongeza maji kidogo kupita kiasi, lita 35 badala ya 30, ili ya ziada yashushe chumvi chini ya mizizi. Mwaga chini, usiloweshe majani. Tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne. Mbegu na miche michanga ipate maji matamu mpaka majani manne, maana utotoni ndipo chumvi inaua zaidi.

Kapu_la_Samadi
Naongezea kwangu: basi samadi chukua ya ng'ombe au mbuzi, acha ya kuku, ile ina chumvi zaidi. Na majivu usitie hata kama umeambiwa yanafukuza wadudu, utaongeza chumvi juu ya chumvi.

Mzee_wa_Hoja
Wakuu mnahangaika na chai. Mwanzo maji hayana tatizo, mara yana chumvi kidogo, mara hata uji hayapikiwi. Na mwalimu gani anaanza klabu wiki ijayo, wakati shule zinafungwa Juni? Huyu ni muuza mbegu anatafuta wateja wa kabichi.

Mama_Gengeni
Na mimi nimejiuliza hilo la likizo.

Mwalimu_wa_Zamu
Sijataja duka wala aina ya mbegu. Likizo naijua. Darasa la saba wanabaki kwa masomo ya ziada, nimepanga wao wamwagilie. La maji nilificha kwa sababu mkuu wa shule alishauliza nikamwambia maji yapo, na michango imetumika. Niliona aibu.

Binti_wa_Mikindani
Mwalimu, la aibu tumelielewa. La darasa la saba sikubali. Wana mtihani wa taifa Septemba, wamebakizwa wasome, wewe unawapa ndoo. Mzazi akijua, klabu yako imekwisha hata mchicha haujaota.

Mti_Mkavu
Chai au si chai, jibu la maji ni lile lile. Tumia likizo kwa kazi isiyotaka maji: ua, kuchimba matuta 10, kukusanya samadi. Mchicha upande shule zikifunguliwa Julai, mistari sentimita 20, mbegu ichanganywe na mchanga mkavu (usitoke ufukweni) ili isimwagike rundo. Wiki ya nne mnakula. Spinachi sentimita 30 kwa 30, mnachuma majani ya nje kuanzia wiki ya saba. Bati la darasa nalo lisikae bure: paa la mita 8 kwa 20, mvua ya milimita 20, ni lita 3,200 kabla ya upotevu. Weka mifereji kabla ya Novemba.

Mwalimu_wa_Zamu
Na miche ya kabichi? Nina kama 300.

Jembe_Halimtupi
Bakiza 20, tuta moja, miche 10 inywe maji ya kisima na 10 ya kununua, watoto waone. Nyingine wape wazazi wenye maji matamu. Mbegu ya kitunguu usiiweke kabatini, ikipita mwaka uotaji wake unashuka sana. Itafutie shule ya bara, Nachingwea au Ruangwa, mbadilishane na mbegu ya mchicha.

Mwalimu_wa_Zamu
Nimeelewa. Leo jioni nimezungumza na mkuu kuhusu maji, kakasirika kidogo kisha akauliza makopo yako wapi. Yako dirishani, maharage 10 kwa 10.

Mti_Mkavu
Yatoe dirishani yakae bustanini kwenyewe, kivulini, na yote mawili yapate kipimo kimoja cha maji. Andika tarehe juu ya kopo.