Kutyuni gitaa kwa hamoniki: kwa nini uzi wa pili unasikika umepanda?

Mwanakwaya
Wakubwa na wenzangu, naomba ufafanuzi. Ninatyuni gitaa langu la nyuzi sita kwa masikio, kwa kutumia hamoniki, yaani sauti nyembamba inayotoka uzi ukiguswa tu bila kubonyezwa. Uzi wa tano nauchukua kwenye A ya kinanda. Kisha nagusa uzi wa sita juu ya freti (kijiti cha chuma kwenye shingo ya gitaa) ya tano bila kuubonyeza, nagusa uzi wa tano juu ya freti ya saba, na kuurekebisha ule wa sita mpaka sauti hizo mbili ziwe moja. Nafanya vivyo hivyo kutoka uzi wa tano kwenda wa nne, na kutoka wa nne kwenda wa tatu. Uzi wa pili naulinganisha na hamoniki ya freti ya saba ya uzi wa sita, na uzi wa kwanza na ile ya freti ya tano ya uzi huohuo. Kila jozi, nikiisikiliza peke yake, ni safi kabisa, lakini nikipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya G uzi wa pili unasikika umepanda, na kinanda kikiingia hali inakuwa mbaya zaidi. Nyuzi ni mpya. Je, kosa liko wapi?

FundiNyuzi
Ndugu Mwanakwaya, kosa halimo katika gitaa wala katika masikio yako. Limo katika njia yenyewe, na masikio yako yameligundua kwa usahihi. Uzi ukiguswa juu ya freti ya tano hugawanyika sehemu nne, na mitetemo yake huwa mara nne ya ile ya uzi mtupu. Ukiguswa juu ya freti ya saba hugawanyika sehemu tatu, na mitetemo huwa mara tatu. Uzi wako wa tano hutetemeka mara 110 kwa sekunde, kwa hiyo hamoniki yake ya freti ya saba ni 330. Ukiulinganisha uzi wa sita na hiyo 330, uzi mtupu utakuwa 82.5, ilhali E ya kinanda ni 82.41. Kinanda hugawa oktava (umbali wa kutoka noti moja hadi ile ya juu yenye jina lilelile) katika nusu toni 12 zilizo sawa, na ili usawa huo upatikane, umbali wa kutoka A kupanda hadi E hupunguzwa kidogo kuliko ule wa asili ambao hamoniki inakupa.

Tofauti hiyo ni kama senti 2, tukihesabu nusu toni moja kuwa senti 100, na peke yake haimsumbui mtu. Tatizo ni kwamba nyuzi zinarithishana: wa sita umepanda senti 2, wa nne umeshuka 2, wa tatu, uliouchukua kutoka wa nne, umeshuka 4, na wa pili, uliouchukua kutoka wa sita, umepanda 4. Nyuzi za G na B (wa tatu na wa pili), ambazo ni majirani, zimeachana kwa senti 8 kupita kinanda, na hata kwenye kinanda umbali huo tayari ni mpana kuliko wa asili kwa kama senti 14. Ndiyo maana kodi ya G inakuudhi.

Mpiga Ridhimu
Nakubaliana na Fundi, ila nakusihi usiiache hamoniki, kwa sababu sauti yake huendelea kulia baada ya kidole kuondoka, na mkono wa kushoto unabaki huru kukaza uzi. Hamoniki mbili zinapokaribiana utasikia sauti ikivimba na kupungua kama wimbi. Usiliue wimbi hilo kabisa. Kati ya uzi wa tano na wa nne acha wimbi moja kwa kila sekunde mbili hivi, kati ya wa nne na wa tatu moja kwa sekunde moja na nusu, na kati ya wa sita na wa tano moja kwa muda usiofika sekunde tatu, huku hamoniki ya freti ya saba ikiwa ndiyo iliyo juu kila mara. Uzi wa pili uwe chini kidogo tu ya hamoniki ya uzi wa sita. Uzi wa kwanza pekee ndio ulinganishwe mpaka wimbi litoweke, kwa kuwa hapo ni oktava mbili kamili.

Mwanakwaya
Shukrani sana, wakubwa. Tatizo langu ni kwamba kanisani, watu wakiwa wanaingia, wimbi la polepole hivyo halisikiki.

FundiNyuzi
Basi chukua nyuzi zote kutoka uzi mmoja, ili makosa yasirithishane. Piga hamoniki ya freti ya 12 ya uzi wa tano, kisha ubonyeze uzi wa nne kwenye freti ya saba na wa tatu kwenye freti ya pili. Zote ni A ileile. Kwa hamoniki ya freti ya tano ya uzi huohuo, linganisha uzi wa pili ukiubonyeza freti ya kumi, na wa kwanza freti ya tano. Uzi wa sita, ukibonyezwa freti ya tano, ulingane na uzi wa tano mtupu. Freti zimepangwa kwa mgawanyo uleule wa kinanda, kwa hiyo hapa unaweza kulinganisha mpaka sauti ziwe moja, bila kuacha wimbi. Kabla ya hapo, hakikisha kwamba kila uzi, ukibonyezwa freti ya 12, unalingana na hamoniki ya mahali hapohapo. Ukikuta sauti iliyobonyezwa iko juu, urefu wa uzi kwenye daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya mwili wa gitaa) unahitaji kuongezwa.